Mama Yangu Kwenye Chupa ya Mshubiri

Mama yangu tulimzika masika yaliyopita, na kabla udongo wa kaburi haujatulia nilimkuta kwenye kituo cha magari cha Nyakanazi anauzwa.

Sisemi kwa mafumbo. Alikuwa kwenye chupa. Zilikuwa chupa za plastiki, zile za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika, zimejazwa kitu cha kahawia na kupangwa juu ya meza mbele ya nyumba ya wageni, na kila chupa imebandikwa mama yangu. Kitenge chake cha Jumapili. Kilemba chake. Jani la mshubiri amelishika kwa mikono miwili kama anapeleka sadaka. Nilikuwa nimeshuka pale kubadilisha gari, natoka Kahama kwa binti yangu, na mfukoni nina blanketi la mtoto ambaye hajazaliwa. Mtoto huyo ni wa mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, ambaye siku hizo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Hii ya pili nyumba nzima tulikuwa tunaibeba naye, kama watu wanaovuka mto na kapu la mayai kichwani.

Nitaeleza mmea kwanza, maana asiyeujua hataona walichoiba ni nini.

Nyumbani kwetu ni Ntobeye, huko Ngara, mgongoni mwa kilima, na nyuma ya migomba yetu kuna jiwe. Mtu wa mbali akisikia jiwe hudhani ni kitu cha kuokota. Jiwe letu ni pana kuliko uwanja wa kanisa. Limelala ubavu, na wanawake wa mtaa huanika juu yake mihogo na maharage. Kwenye nyufa zake huota mshubiri. Si ule mrefu wa kijani unaopandwa kwenye makopo mjini. Wetu ni mfupi, majani manene yenye meno pembeni na madoadoa meupe, na umejibana pale ambapo ukiweka kiganja cha udongo upepo unauchukua. Kiangazi hujikunja na kuwa mwekundu kama sufuria ya shaba. Mgeni atasema umekufa. Mvua mbili zikinyesha hufunguka, husimamisha ua la rangi ya kaa la moto, na ndege wadogo wenye midomo iliyopinda huja kugombana hapo.

Mama hakuwa mganga. Naliandika hili kwa sababu karatasi ya chupa inamwita Mganga Mkuu. Alikuwa mkulima wa maharage na kahawa, mtu wa jumuiya, na watu walimjia kuomba jani kwa sababu jiwe liko nyuma ya nyumba yake na mama mkwe wake alikuwa amemfundisha. Hakuwa na kibuyu wala shanga. Alikuwa na kisu cha jikoni.

Alikata jani la chini kabisa, lililozeeka, na moja tu kwa kila mmea. Akishalikata hakuliingiza ndani. Alilisimamisha pale pale juu ya jiwe, sehemu iliyokatwa ikitazama chini, akaliegemeza kwenye kokoto, akaenda kupalilia au kuchambua maharage. Utomvu wa njano ulishuka polepole, ukaganda, ukawa kama sukari guru. Kusubiri huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Alituambia jani lina maji mawili. Ya njano yako chini ya ngozi, makali, machungu, hayana urafiki na mtu. Meupe yako katikati na ni mapole. Anayeyachanganya ameharibu yote mawili.

Meupe yalikuwa ya ngozi. Nilipomwagikiwa uji nikiwa mtoto, mama alinimwagia kwanza maji ya baridi hadi nikatetemeka, ndipo akanipaka ule ute, asubuhi na jioni. Miguu iliyotolewa funza aliipaka. Midomo iliyopasuka kwa upepo wa kiangazi aliipaka. Lakini mtoto wa jirani alipoangukia sufuria ya maharage na ngozi ikababuka mgongo mzima, mama alimfunika kanga safi na kusema apelekwe zahanati, na baba wa mtoto alipong'ang'ania jani, mama alificha kisu.

Ya njano yalikuwa ya kumwachisha mtoto ziwa. Mama alijipaka kidogo kwenye chuchu, mtoto akaja kwa furaha yake, akaonja. Kaka yangu, wanasema, alimtazama mama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa, akaenda kukaa na shangazi siku mbili. Kuku pia waliwekewa majani kwenye maji ya kunywa ugonjwa wa kideri ukianza. Watu wakimsifu kwa hilo mama alikuwa akisema, "Wengine hupona, wengine hufa. Sijui kama ni jani au ni kuku mwenyewe." Sijasikia mwenye dawa mwingine akisema hivyo.

Kwa tumbo lililofunga alitoa kipande cha utomvu uliokauka, kama punje ya mtama, kwa mtu mzima, mara moja. Kabla ya punje hiyo kulikuwa na maswali. Umeona mwezi wako lini? Unanyonyesha? Choo kina damu? Mkojo unauma? Mwanamke mmoja wa Kibimba alikasirika hadi akasimama.

"Nimekuja kuomba jani, sikuja kuungama!"

"Basi nenda kwa padre," mama akamwambia. "Ila yeye hana mshubiri."

Yule mwanamke aliondoka akimtukana njia nzima. Miezi ilipopita alirudi na tumbo mbele yake na kikapu cha viazi vitamu. Siku ile ya matusi alikuwa tayari mjamzito na mwenyewe hajui. Hakusema pole wala asante. Aliviweka viazi chini, wakazungumza habari za mvua.

Ukiniuliza mama alijua nini, nitakujibu kwamba alijua kukataa. Katika watu kumi waliopanda kilima kuomba jani la kunywa, saba au wanane waliteremka mikono mitupu. Mjamzito hakupewa kabisa, hata kwa machozi. Ile njano inakata tumbo la chini, inavuta kila kilichomo, alisema, na haichagui.

Sasa yule mwanaume.

Alikuja mwaka mmoja kabla ya kifo cha mama, amevaa shati safi na viatu visivyofaa kwa mlima wetu. Alimwamkia mama vizuri, "Shikamoo mama," ameinama kabisa, akasema anazunguka kukusanya elimu ya mimea ya wazee ili isipotee. Mama alipenda neno hilo, isipotee. Alivaa kitenge cha Jumapili. Mama alijua Kiswahili cha sokoni, cha kuuliza bei na kusalimia, lakini mambo mazito aliyasema kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, na mimi niliyemaliza darasa la saba ndiye niliyekaa katikati kutafsiri. Mwanaume alishika simu yake mbele ya midomo yetu, inarekodi.

Hapa nitasema ukweli, maana nikiuacha nitakuwa sawa na wao.

Mama aliongea kwa muda mrefu sana. Alieleza jani la chini, maji mawili, kusubiri juu ya jiwe. Alieleza maswali yote na sababu ya kila swali. Alieleza habari za mwanamke aliyeaga dunia zamani, kabla mimi sijazaliwa, kwa sababu bibi mmoja alimpa jani bila kumuuliza. Maharage yangu yalikuwa motoni yanaungua. Pia niliona haya. Habari za miezi ya wanawake na damu, mbele ya mwanaume mgeni ambaye angeweza kuwa mkwe wangu? Nilitafsiri magonjwa. "Anasema mmea huu unatibu tumbo. Anasema unatibu ngozi. Anasema hata kuku wakiugua unawasaidia." Kisha yale mengine yote, kila kitu ambacho mama alikuwa amesema kwa macho makavu na kidole kimeinuliwa, niliyafunga kwa maneno machache: "Anasema kuna masharti kidogo tu."

"Hayo masharti tutayaandika baadaye," yule mwanaume akasema.

Mama aliniuliza, "Umemwambia yote?"

Nikamjibu, "Nimemwambia."

Ndipo akakubali kupigwa picha. Aliambiwa alishike jani kwa mikono miwili, akacheka, maana hajawahi kuona mtu akishika jani hivyo. Kuhusu masharti, yule mwanaume hakurudi kuyaandika. Waliorudi ni watu wenye viroba na majembe. Walipita mchana, mimi na mama tukiwa shambani upande wa pili wa kilima, wakang'oa mishubiri pamoja na mizizi, midogo kwa mikubwa, kwenye nyufa zote ambazo mkono unafika. Jirani aliyekuwa anaanika mihogo alidhani tumeuza. Mama alipanda kwenye jiwe, akatembea mwisho hadi mwisho, akarudi jikoni akaketi. Hakulaani mtu. Mimi niliwalaani kwa niaba yake, na ninaendelea. Ili kupata jani moja walikata uzazi wa mmea mzima, mmea unaochukua miaka kushika ufa mmoja, na kama wangebisha hodi mama angewapa jani bure, akawauliza maswali, akawarudisha nusu yao mikono mitupu.

Masika yake mama alishikwa na kifua, akatutoka.

Sasa rudi nami pale Nyakanazi, nimesimama na mfuko wenye blanketi. Nyuma ya meza ile ya chupa, kwenye paa la gari dogo, kulikuwa na kipaza sauti. Malori ya Burundi na Rwanda yalikuwa yananguruma, wauza mayai wanaita, na katikati ya kelele hizo mwanamke alikuwa anaongea. "Anasema mmea huu unatibu tumbo. Anasema unatibu ngozi." Muziki kidogo. "Anasema kuna masharti kidogo tu." Halafu anaanza tena. Maneno yalizunguka mara mbili ndipo nikatambua kwamba mwanamke huyo ni mimi.

Muuzaji alikuwa mwanaume wa makamo, mchangamfu, amevaa koti jeupe la watu wa maabara lililochafuka mifukoni.

"Karibu mama! Mgongo? Magoti? Au baba nyumbani amelegea?"

Madereva wawili wa malori waliokuwa wanamenya mayai wakacheka.

"Huyu ni nani?" nikauliza, kidole changu juu ya kilemba cha mama.

"Huyo ndiye bibi wa Ngara. Ana miaka mia na kumi, na uzi anatunga kwenye sindano bila miwani."

"Amefariki."

"Nani kasema? Wiki iliyopita kanitumia mzigo huu."

"Huyu ni mama yangu. Nimemzika mimi."

Alinitazama kidogo, kisha akawageukia wale madereva. "Mnaona kazi yangu? Kila siku natokewa na mtoto wake. Juzi walikuja wawili."

"Mpe punguzo basi," dereva mmoja akasema na yai mdomoni, "mrithi huyo!"

Niliichukua chupa nikasoma. Nasoma taratibu, lakini nasoma. Kisukari. Presha. Vidonda vya tumbo. Nguvu za kiume. Mkosi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: mjamzito anywe kifuniko kimoja asubuhi na jioni, hulainisha njia na humpa mtoto afya. Niliigeuza chupa kwenye mwanga. Chini kulikuwa na maganda ya majani. Walikuwa wametwanga jani zima, ngozi na njano na nyeupe, mzizi labda, wakatia maji.

"Mstari huu ufutwe," nikasema. "Mjamzito asinywe hii. Inaweza kutoa mimba."

"Mama, mimi sikuandika. Mimi nauza."

"Basi usiuze."

"Na watoto wangu utawalisha wewe? Hebu sogea kidogo, unanizibia wateja."

Niliongea kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Nilimwambia mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika chupa aiweke chini. Aliniangalia nguo zangu za msiba, akamtazama muuzaji, na kwenye kipaza sauti mimi mwenyewe nikamwambia tena kwamba unatibu tumbo. Akalipa. Nilikuwa nabishana na mimi mwenyewe hadharani, na mwenzangu alikuwa na kipaza sauti. Kisha konda wa gari langu akapiga mluzi, na mimi nikapanda. Sijisamehi kwa hilo. Ningebaki nikazipindua zile chupa zote, hata wangenipeleka polisi.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu ya migomba. Kwa kawaida mkamwana wangu hukimbia kunipokea mfuko. Siku hiyo alikuwa amekaa mkekani, mkono tumboni, na hakuinuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hivyo?"

Sikusubiri jibu, kwa sababu niliiona. Ilikuwa dirishani, karibu na sanamu ya Bikira Maria, na mama yangu ananitazama kutoka kwenye karatasi yake. Ilikuwa imebaki nusu.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Mume wangu ameleta kutoka Nyakanazi. Amesema ni ya bibi." Alijaribu kutabasamu. "Ni chungu, mama. Lakini nilijikaza, nilijua ni ya nyumbani."

"Umekunywa siku ngapi?"

"Ya tatu leo."

"Na tumbo?"

"Linakata. Nimeharisha tangu asubuhi. Nilifikiri ndiyo linasafisha."

Mwanangu aliingia wakati huo, amevaa koti lake la bodaboda, ananiuliza za safari. Nilimnyooshea chupa. Nilitaka kumpiga, mtu mzima yule mwenye ndevu.

"Bibi yako aliwahi kumpa mjamzito jani? Ulimwona lini?"

"Mimi sikuwahi kukaa kwenye maongezi yenu ya wanawake," akasema. "Niliona picha ya bibi. Nikasikia sauti yako, mama. Wewe mwenyewe unaongea pale. Ningekataaje dawa ambayo mama yangu anaitangaza?"

Nilimwambia awashe pikipiki.

Tulimkalisha katikati yetu hadi kituo cha afya. Muuguzi alikuwa mdogo kuliko binti yangu na hakuwa na muda wa adabu. Alimlaza, akambonyeza tumbo, akauliza kwa ukali, "Nani amempa dawa za kienyeji huyu?"

Mwanangu alifungua mdomo. Nikamtangulia. "Mimi," nikasema.

"Bibi mzima, hujui kwamba hizi ni sumu kwa mjamzito?"

"Najua," nikamwambia. "Nilijua kabla hujazaliwa."

Alidhani namtania. Niliweka chupa mezani nikamweleza yote, kuanzia jiwe hadi kipaza sauti. Alifungua kifuniko, akanusa, akafunga. Hasira ilimtoka usoni, ikabaki uchovu.

"Huyu ni wa pili kwa chupa hii hii," akasema.

"Na wa kwanza?"

Alivuta kitabu chake, akaanza kuandika.

Mkamwana wangu alitundikiwa maji. Tulikaa pale hadi siku ya tatu, mimi kwenye benchi na rozari ambayo sikuweza kuisali hadi mwisho, kwa sababu kila nikifika kwenye tendo la tatu namsikia mama akiniuliza, umemwambia yote? Mkamwana wangu hakunilaumu hata mara moja. Aliniuliza tu kama nimekula. Ningependa angenilaumu. Siku ya tatu muuguzi aliweka kile kipembe chake cha kusikilizia mtoto tumboni, akasikiliza, akaniita nami niweke sikio. Nilisikia kitu kinakimbia, kama kuku anapiga mbawa mbali. Nilishika ukingo wa kitanda.

"Bado yupo," muuguzi akasema. "Lakini damu kidogo akiiona, hata tone, mlete. Msisubiri."

Tuliporudi nilisoma karatasi ya chupa upande wa nyuma. Kulikuwa na namba ya simu. Mwanangu alipiga akaniwekea sikioni, na aliyepokea ni yule mwenye viatu visivyofaa. Sauti yake ilikuwa tamu vile vile.

"Mama yangu! Pole sana na msiba, nilisikia."

"Ondoa picha ya mama yangu kwenye chupa zako. Ondoa na sauti yangu."

"Tuelewane, mama. Bibi alikubali mwenyewe. Ninayo sauti yake yote."

"Kama unayo yote, basi unayo na makatazo."

"Hayo ni Kihangaza, mama, mimi sikijui. Mimi nilifuata ulichotafsiri wewe." Kisha akaongeza kwa upole, "Nitakutumia katoni moja. Uwagawie majirani."

Nilimrudishia mwanangu simu. Mtu yule ananitukana kwa katoni. Ana sauti ya mama ndani ya simu, dakika nzima nzima za mzee akisema usimpe, usimpe, usimpe, na kwake ni kelele tu za kikabila za kupunguza ili tangazo lisichoshe. Anatafuta mtu wa kumtajia jina la kijiji ili aliandike kwenye karatasi, lakini hatafuti mtu wa kumtafsiria hapana. Hata mtoto wa darasa la nne wa Ntobeye angemtafsiria. Hakutaka. Nami namwelewa kuliko nipendavyo, maana hata mimi siku ile sikutaka.

Nilikwenda kwenye ofisi moja kulalamika. Nilisikilizwa vizuri, nikaambiwa mwenye picha ndiye mlalamikaji, kwa hiyo aje yeye. Nikasema ni marehemu. Nikaambiwa basi nilete karatasi za mirathi, ndipo suala lipokelewe. Mama yangu aliacha jembe, kisu, vitenge vitatu na jiwe ambalo si letu. Sijui mirathi yake nitaipata dirisha gani.

Ndipo nikamwambia mwanangu achukue simu yake anirekodi.

Tulikaa jikoni mchana, mkamwana wangu anachambua mboga amekaa kwenye kiti chenye mgongo kama alivyoagizwa. Niliongea kwa Kihangaza kwanza, kama mama alivyosema, kisha kwa Kiswahili, pole pole. Nilianza kwa kusema kwamba mwanamke mnayemsikia kwenye kipaza sauti pale Nyakanazi ni mimi, na kwamba nilificha maneno ya mama. Nikasema mama yangu hajawahi kutengeneza chupa. Nikaeleza jani la chini na maji mawili. Nikayasema maswali yote manne, na habari za mwezi na za damu, na mwanangu akiwa ameshika simu mbele yangu anatazama miguu yake. Nikasema kuhusu yule mwanamke wa zamani aliyekufa. Nikasema kuhusu mkamwana wangu, baada ya kumwomba ruhusa. Alitikisa kichwa kukubali, akaongeza yeye mwenyewe kwa sauti, "Nilikunywa siku tatu. Msinywe." Nikasema mjamzito asiguse, anayenyonyesha asiguse, mtoto asiguse, na mgonjwa wa kisukari au presha asiache vidonge vya hospitali kwa ajili ya picha ya mtu aliyekufa.

Nilipomaliza mwanangu alitazama simu.

"Mama, ni ndefu mno. Hakuna atakayesikiliza yote hii. Nikate pale mwanzoni, tubakize la wajawazito?"

"Usikate."

"Hata ile ya kuku?"

"Hata ya kuku."

Aliituma pamoja na namba yake kwenye makundi yake ya simu, ya bodaboda na ya jumuiya na ya waliosoma naye, wao wakaituma kwingine. Siku ya kwanza waliorudisha majibu walikuwa wa kucheka. Mmoja aliandika kwamba bibi kizee ana wivu wa biashara. Mwingine aliuliza, mbona huyu mama anaongea habari za hedhi mbele za watu, hana aibu? Mwanangu alinisomea kwa sauti ndogo, akitaka kuruka baadhi. Nilimwambia asome yote.

Siku ya pili, nikiwa napepeta maharage, simu yake ililia kwa namba asiyoijua. Aliiweka sauti kubwa. Alikuwa mwanamke, kwa sauti ni mdogo, na nyuma yake kulikuwa na kishindo cha magari mazito.

"Shikamoo mama. Ni wewe uliyeongea ile ya mshubiri?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Nimesikiliza yote. Mimi nina mimba ya miezi minne. Nimeanza kuinywa Jumapili."

Ungo uliniponyoka, maharage yakatawanyika chini. Nikamwuliza tumbo linasemaje. Akasema linavuta, chini, upande wa kushoto, na hajamwambia mtu kwa sababu aliyemnunulia ni mama mkwe wake.

"Sikiliza, mwanangu," nikamwambia. "Vaa viatu sasa hivi. Nenda kituo cha afya, beba na chupa. Mama mkwe wako nipe mimi niongee naye."

Nilisikia akitembea, mlango, kuku, kisha sauti nyingine ya mwanamke, ya mtu wa umri wangu, ikisema haloo kwa mashaka.

"Habari za hapo, dada," nikaanza. "Wewe hunijui. Mimi ndiye mtoto wa huyo mama aliye kwenye chupa yenu."